Kura Niliyopiga Nikidhani Tumeshashindwa

Wiki jana niliwaacha pale Preston Langdale alipobisha hodi ofisini kwangu, kesho yake ikiwa ndiyo siku ya kura. Baadhi yenu mmeniandikia kwamba mngekuwa ninyi mngemfukuza. Ahsanteni. Hata mimi nikiwa nyumbani na kikombe changu cha kahawa huwa ni jasiri namna hiyo.

Kwa anayeanza leo, nitafupisha. Jina langu ni Greta Sundvik, mzaliwa wa Duluth, kamishna wa Tume ya Majiko na Hita hapa Washington. Usione haya kama hujawahi kuisikia. Madereva wa teksi hawaijui, na jirani yangu anadhani ninauza majiko.

Kazi yetu ni moja. Chombo chochote kinachopasha joto nyumba kikianza kuua watu, sisi tuna uwezo wa kukiondoa madukani. Tulikuwa makamishna watano. Rais hututeua, Seneti hutuidhinisha, lakini sheria inamkataza kutufukuza ila kwa uzembe au uovu kazini. Waliotunga sheria hiyo walijua kwamba tajiri wa hita akibanwa na sisi, atakimbilia Ikulu kushtaki, na walitaka akifika huko aambiwe haiwezekani.

Mwaka huu ikawezekana. Wenzetu wawili walifukuzwa kwa barua pepe, bila sababu yoyote. Mmoja aliisoma akiwa kwa daktari wa meno, ganzi imemjaa mdomoni, hata kutukana akashindwa. Wamekwenda mahakamani, na mahakama nayo inakwenda kwa mwendo wake.

Tukabaki watatu. Langdale, mwenyekiti, mtu wa Rais kabisa. Mimi, wa chama kingine. Na katikati yetu Cornelius Whitlow, mzee wa Macon, Georgia, ambaye ni wa chama cha Rais lakini kichwa chake hakiazimwi. Watatu ndiyo akidi yetu, idadi ya chini kabisa ya kupitisha jambo. Akitoka mmoja, tume inabaki jengo tu.

Sasa sikilizeni jambo ambalo watu wa nje hulicheka. Sisi makamishna hatuna ruhusa ya kuzungumza kazi faraghani. Tulipokuwa watano, wawili wangeweza kunong'ona. Tukiwa watatu, wawili ni wengi wa kutosha kushinda kura, kwa hiyo wawili wakisema neno moja la kazi, kisheria hicho ni kikao. Na kikao lazima kitangazwe mapema, milango iwe wazi, mwananchi yeyote aje asikie.

Ni sheria nzuri. Iliwekwa ili tusiuziane kura vyooni. Zamani wasaidizi wetu walikuwa wakipelekeana mawazo yetu, lakini wasaidizi nao waliachishwa kazi tangu majira ya kuchipua. Mume wangu Arvid aliposikia alicheka mpaka akakohoa.

"Kwa hiyo mnakaa jengo moja, mnaamua jambo moja, na hamsemezani?" akaniuliza. "Mimi na wewe tungekuwa na sheria hiyo, ndoa ingekuwa ya raha sana."

Mimi na Cornelius tulikuwa tunasemezana, ila si ya kazi. Kila mchana, mvua isiponyesha, tulikaa kwenye benchi mbele ya jengo, yeye na sandwichi yake ya nyanya, mimi na supu yangu ndani ya chupa. Tulizungumza besiboli. Tulizungumza nyanya zake, ambazo kwa maelezo yake hakuna nyanya nyingine duniani. Tulizungumza goti langu na moyo wa mke wake. Miaka yote hiyo ninajua nyumbu wa kulimia wa babu yake aliitwaje, na sijawahi hata mara moja kujua atapigaje kura.

Jambo lililokuwa mezani lilikuwa hita za Velmor. Ni hita ndogo, nzuri, unaweza kuibeba kwa mkono mmoja kutoka sebuleni mpaka chumba cha mtoto. Swichi yake ya kujizima hunasa. Wahandisi wetu waliiwasha maabara, wakaikuta inaendelea kuwaka mpaka plastiki ikaanza kudondoka.

Ynez Tafoya wa Pueblo, Colorado, hakuhitaji maabara. Mwanawe Amadeo alikuwa na miaka sita. Aliwekewa hita chumbani kwa sababu alikuwa na kikohozi.

Ynez alinipigia simu karibu kila wiki. Mwanzoni alikuwa analia. Baadaye aliacha kulia, akawa ananieleza tu ni duka gani bado linaziuza na nani mtaani kwake amenunua. Yeye ndiye niliyekuwa namfanyia kazi, nalisema wazi, ingawa kamishna hatakiwi kuwa na mtu wake.

Ndipo Ikulu ikatoa agizo: tume zote ziwe zinapeleka uamuzi wao huko kwanza, usomwe, ukikubaliwa ndipo utoke. Na kwa kuwa sheria yetu hairuhusu kulazimishwa, walitaka tukubali wenyewe, kwa kura yetu. Walitaka tujifunge kamba kisha tuwakabidhi ncha.

Langdale akapanga hoja mbili siku moja. Ya kwanza, kukubali agizo. Ya pili, hita za Velmor.

Hesabu yake mtoto wa chekechea angeiweza. Mimi na Cornelius tukisema hapana kwenye ya kwanza, tume inabaki huru. Tukisema ndiyo kwenye ya pili, hita zinaondolewa madukani siku hiyohiyo, na Ikulu isome habari gazetini kama watu wengine. Nilihitaji kujua kitu kimoja tu, Cornelius amesimama wapi. Na hicho ndicho sikuruhusiwa kumuuliza.

Mbaya zaidi, wiki ile Cornelius aliacha kuja kwenye benchi. Nilimwona kwenye lifti, akanisalimu, akatazama namba za ghorofa kama anayesoma Biblia.

Hapo ndipo Langdale alipobisha hodi.

Ni mtu mtanashati, sauti yake ya kubembelezea mtoto. Alikaa bila kukaribishwa. Aliniuliza hali ya goti, nikamwambia goti halijambo. Kisha akasema maneno ambayo yeye hakuwa na ruhusa ya kuyasema, wala mimi ya kuyasikia.

"Greta, ya kesho yamekwisha. Cornelius ameshakubali."

Nikasema, "Preston, haya hatuyazungumzi hapa."

"Ninayezungumza ni mimi. Wewe unasikiliza tu." Akatabasamu. "Hukushangaa haji tena kula na wewe? Anakuonea haya. Mzee amechoka, mke mgonjwa, na sisi ndio watu wake. Ulitegemea nini?"

Nilipaswa kumwambia atoke. Nilipaswa kwenda moja kwa moja kwa Bi Odessa Pruitt, katibu wa tume, nimwambie mwenyekiti amekuja kuniongelesha habari za kura, itangazwe hadharani. Nilifundishwa hivyo siku ya kwanza ya kazi. Badala yake nilimwacha aendelee.

"Ukipiga hapana unashindwa, wawili kwa mmoja," akasema. "Na wakubwa watakuhesabu adui. Hita zako zikifika mezani kwao zinatupwa kapuni. Ukipiga ndiyo tunakwenda wote kwa umoja, na nimeahidiwa hita zinatoka madukani kabla ya theluji. Chagua mwenyewe. Jina lako zuri, au watoto."

"Nani amekuahidi?"

"Watu."

Nikamwambia nitafikiri. Akaniambia ndivyo alivyonitegemea, akaenda zake.

Alasiri ile ile Ynez alipiga simu kutoka uwanja wa ndege wa Denver. Alikuwa anakuja kuhudhuria kikao. Alinieleza kwamba duka la pale mtaani kwao limezipanga Velmor dirishani, na kibao cha bei poa. Nilijaribu kumweleza kuhusu hoja ya kwanza, kwamba kuna jambo la nani awe na neno la mwisho. Alinisikiliza kwa adabu.

"Mama Greta," akasema, "mimi sijali nani anatia sahihi. Atie hata shetani. Zitoke tu."

Basi nikajipa akili. Nikajiambia Cornelius amekwisha kuanguka, na kupigana peke yangu ni kumpigia mbuzi gitaa. Uhuru wa tume umekwenda hata nikiulilia. Angalau niokoe hita. Nilikula vizuri jioni ile, nikalala usingizi mzuri, na ndicho kitu kinachoniudhi kuliko vyote hadi leo.

Asubuhi ukumbi ulijaa kidogo. Mawakili wa Velmor walikaa mbele wakiwa na makoti yao mapajani. Ynez alikaa nyuma, na picha ya Amadeo aliyoilaza kifudifudi kwenye magoti, kwa sababu mlinzi alimwambia picha haziruhusiwi kuinuliwa.

Kwetu kura huanzia kwa mdogo kwenda kwa mkubwa. Ni desturi ya zamani, ili mgeni asimfuate mwenyeji. Niliingia kwenye tume baada ya Cornelius, kwa hiyo mimi ndiye wa kwanza kuitwa.

"Kamishna Sundvik," Bi Odessa akaita.

"Ndiyo."

Neno lilitoka kwa urahisi. Nikasikia mtu mmoja akivuta pumzi nyuma.

"Kamishna Whitlow."

Cornelius aligeuza kiti chake polepole akanitazama. Nilidhani ananionea huruma kwa kuwa sote tumeanguka. Kisha akarudi kwenye kipaza sauti.

"Hapana," akasema. Na kwa kuwa ana haki ya kueleza kura yake, akaongeza, "Nilikula kiapo kwa sheria iliyounda tume hii. Sikumbuki kula kiapo kwa mtu."

Masikio yangu yakaziba. Niliona midomo ya Langdale ikisema ndiyo, nikamwona Bi Odessa akiandika. Mbili kwa moja, hoja imepita. Kumbe kura iliyopungua ilikuwa yangu. Mzee alikuwa amesimama wima muda wote, na mimi ndiye niliyeifunga ile kamba niliyodhani yeye ameshaifunga.

Nilitaka kuibadilisha. Niliinua mkono. Langdale akaniambia kwa upole kwamba kura ikishasomwa haifunguliwi ila mwenyekiti akubali, na mwenyekiti hakubali. Maji yakimwagika hayazoleki, na yeye ndiye aliyekuwa ameshika ndoo.

Hoja ya pili ikaitwa. Hita za Velmor ziondolewe madukani nchi nzima. Mimi ndiyo. Cornelius ndiyo. Langdale, mbele ya kila mtu, na sauti yake ileile ya kubembeleza, ndiyo.

Wote watatu. Ynez alisimama, akakaa, akasimama tena. Mawakili wa Velmor hawakushtuka hata kidogo. Mmoja alikuwa anaangalia simu yake. Hapo ndipo ningejua, kama ningekuwa bado na akili ya kujua kitu.

Baada ya kikao Ynez alinikumbatia mlangoni. Alikuwa na harufu ya sabuni ya hoteli. Alisema Mungu anilipe. Nilimpigapiga mgongoni, nikamtazama Cornelius akipita pembeni yetu na kofia yake mkononi, hakusimama. Afadhali angekasirika. Alikuwa mpole tu, kama mtu anayepita msibani kwa watu asiowajua.

Uamuzi ukapelekwa Ikulu kama tulivyokubali. Majani yakaisha mitini. Langdale kila nikimuuliza alisema unasomwa. Theluji ya kwanza ikaanguka Colorado, nikaiona kwenye televisheni nikazima.

Ndipo uliporudi. Juu yake kulikuwa na sentensi moja: usitolewe kwa sasa, uangaliwe upya kwa kuzingatia mzigo kwa wafanyabiashara. Hakukuwa na jina, wala sahihi.

Nilimpigia Ynez mwenyewe. Sikutaka asikie kwa mtu mwingine. Nilitegemea atalia au atanitukana, na nilikuwa tayari kwa yote mawili.

Akauliza, "Nani amesema hapana?"

"Imetoka Ikulu."

"Ikulu ni nyumba, mama. Nataka mtu. Nimwandikie, nimtumie picha, nikasimame mbele ya geti lake. Ninyi nilikuwa nawajua. Nilikuwa na majina yenu matatu, nilikuwa nawaombea na nilikuwa nawalaani kwa majina. Huyu ni nani?"

Nikamwambia sijui.

"Basi tafuta."

Nikatafuta. Nilipiga simu ofisi hii, ikaniambia ni ile, na ile ikaniambia haizungumzii mashauriano ya ndani. Mkono uliozibakiza hita madukani haukuwa na mtu nyuma yake. Kwetu, mkono ungeinuliwa mbele ya mama wa mtoto. Ndipo nilipoelewa nilichokuwa nimekitoa, na nilikielewa kutoka kwa mtu aliyekuwa ameniambia hata shetani atie sahihi.

Nilimpigia kumwambia nimeshindwa. Hakupokea. Wala hajapokea tena.

Haikupita muda, Cornelius naye akapata barua pepe yake. Hakuelezwa uzembe wala uovu. Aliambiwa haendani na mwelekeo wa Rais. Mtu wa chama chao wenyewe, aliyeteuliwa na kuteuliwa tena, mlinzi akamsindikiza mpaka nje kama mwizi wa kuku.

Tukabaki wawili, mimi na Langdale. Akidi ni watatu, kwa hiyo nilijifariji kwamba angalau hakuna tena kitakachoharibiwa kwa jina letu. Langdale akanionyesha maoni ya wanasheria wa Ikulu. Eti katika mazingira ya sasa, akidi ni mwenyekiti.

"Mtu mmoja ni kikao?" nikamuuliza.

"Ni nafuu kwa kila mtu," akasema. "Hata wewe, hutahitaji kuja ukiwa na goti linalouma."

Siku Cornelius alipokuja kurudisha kitambulisho chake, nilimkuta mchana kwenye benchi. Baridi ilikuwa kali, hakuna mtu mwenye akili timamu angekaa nje. Nikakaa. Alikuwa na sandwichi, nyanya za kununua dukani, na aliomba radhi kwa hilo.

"Sasa tunaweza kuzungumza, dada," akasema. "Mimi si mtu wa serikali tena. Uliza lolote."

Tukacheka. Tulicheka sana, watu wazima wawili, mvuke unatutoka midomoni. Kisha kicheko kikaisha.

Akaanza yeye. "Kwa nini ulisema ndiyo?"

"Langdale aliniambia umeshakubali."

Cornelius aliiweka sandwichi chini, juu ya karatasi yake, akaifunika vizuri.

"Kwangu alisema wewe ndiye uliyekubali," akasema. "Tulikuwa kwenye lifti. Nikamwambia ni mwongo, nikashuka ghorofa isiyo yangu. Lakini nilijua nikija kukaa na wewe hapa nitakuuliza. Nitashindwa kujizuia. Ndiyo maana sikuja."

Kwa hiyo alikimbia benchi ili asivunje sheria, na kule kukimbia kwake ndiko Langdale alikokutumia kunishawishi. Sheria iliyotungwa tusiuziane kura ilituzuia hata kupeana moyo. Langdale peke yake ndiye aliyeivunja, na ndiye aliyeshinda.

Nikamuuliza swali nililoliogopa. "Na wewe, kwa nini hukumwamini?"

Alionekana hakulielewa swali. "Nimekula na wewe miaka yote hii," akasema.

Niliona aibu ambayo sikuwahi kuiona maishani. Mimi pia nilikula naye miaka yote hiyo. Yalinitosha maneno mawili ya Langdale kumsahau.

Kisha akaniambia alichokuja kusema. Ameshtaki. Wakili wake anaamini kwamba kama ikithibitika mwenyekiti alizunguka faraghani kutafuta kura, mahakama inaweza kuifuta kura ile nzima. Kamba ifunguliwe. Lakini ushahidi wake mwenyewe hautoshi, kwa sababu Langdale atasema alimsalimia tu mzee kwenye lifti. Anahitaji mtu wa pili. Anahitaji yule aliyeketi akasikiliza mpaka mwisho.

Sikuhitaji wakili kuniambia yaliyobaki. Nikisimama nikasema Langdale alikuja, nitakuwa nimekiri kwamba mimi nami nilikaa kwenye kikao haramu na sikuripoti. Huo ndio uovu kazini, ulioandikwa kabisa kwenye sheria yetu. Wenzangu wote walifukuzwa kwa dhuluma. Mimi ningekuwa wa kwanza kufukuzwa kwa haki.

"Na nikifukuzwa anabaki Langdale," nikasema. "Akidi ya mtu mmoja. Kura ikifutwa hakuna watu wa kupiga nyingine. Hita zinabaki madukani."

"Zinabaki."

"Nikinyamaza pia zinabaki."

"Pia zinabaki, dada. Siwezi kukudanganya."

"Basi nikisema napata nini?"

Aliyatazama magari ya chakula yaliyokuwa yanafungasha ng'ambo ya barabara, wenye magari wanavunja barafu kwenye vioo.

"Hupati kitu," akasema. "Itabaki tu imeandikwa. Siku moja kuna mtu atataka kuunda tume kama yetu tena, na atauliza ile ya kwanza ilikwendaje. Kuna tofauti, akiambiwa tuliibiwa au akiambiwa tuliuza."

Nikasema wazi, tuliibiwa. Nikamwambia nitasimama. Sikuwa jasiri, niwaambie ukweli. Nilikuwa nimechoka kuwa mtu ambaye Ynez hapokei simu yake.

Cornelius akanishika mkono, glavu juu ya glavu. Alisema mawakili wao ni wakali, bora tujaribu sasa hivi, aniulize kama watakavyoniuliza, ili nisije nikababaika mbele ya jaji.

"Mwenyekiti alikuja ofisini kwako?"

"Ndiyo."

"Alialikwa?"

"Hapana. Alibisha hodi tu."

"Mlikuwa wangapi humo ndani?"

"Wawili."

"Mlango ulikuwa wazi?"

"Ulikuwa umefungwa."

"Vizuri. Hapo ndipo watakapokubana, kwa sababu aliyefunga ndiye aliyetaka iwe siri." Akafuta pua kwa kitambaa. "Nani aliufunga?"

Ninyi niliwaeleza kwamba Langdale aliingia, akakaa, akaniuliza goti. Yote hayo ni kweli. Hilo la mlango nililiruka, na nilidhani naweza kuliruka daima. Langdale alikuwa ameuacha wazi.

Cornelius hakurudia swali. Alikuwa ananitazama ametulia, kama anavyonitazama siku zote, tayari kuamini lolote nitakalomwambia.